Mtoto Ambaye Damu Haikatiki

 

Likizo ya Agosti inakaribia na wavulana wengi watapelekwa kutahiriwa. Ndiyo maana leo tumeacha habari ya mbuzi wa maziwa, tuzungumze juu ya damu. Kuna mtoto akitahiriwa damu haikatiki, leo, kesho, hata siku ya tatu. Nasi tumezoea kusema amelogwa, au mama yake alivunja mila. Hapana. Ugonjwa huo huitwa hemofilia. Damu ya mtoto imepungukiwa na kile kinachoifanya igande. Haitoki kwa kasi kuliko ya wengine, ila inatoka kwa muda mrefu.

Karibu mtoto mmoja wa kiume kati ya 5,000 huzaliwa nao. Mara nyingi mama huubeba bila yeye kuugua, na kila mvulana atakayemzaa yumo hatarini nusu kwa nusu. Lakini wazee, msikimbilie kufukuza wake! Karibu theluthi moja ya watoto hawa hutoka katika jamaa ambazo ugonjwa haukuwahi kuonekana. Tena baba mwenye hemofilia huwarithisha binti zake wote.

Basi tuangalie kabla ya kisu. Je, yuko mjomba aliyetokwa damu kupita kiasi, au kufa jandoni? Mtoto alipoanza kutambaa, alikuwa na mavilio ya damu mwilini ovyo ovyo? Goti, kiwiko au kifundo cha mguu huvimba na kuwa moto? Uvimbe huo ni damu ndani ya kiungo, na ukirudiarudia mtoto hulemaa. Wengine humkanda kwa maji moto au kumchanja. Jamani! Apumzike, awekewe kitambaa cha maji baridi, mguu uinuliwe. Asipewe aspirini wala Brufen, Panadol inafaa. Asidungwe sindano ya matako. Akigonga kichwa, msingoje kuona damu: hospitali saa hiyo hiyo.

Wasichana nao wana magonjwa ya jamii hii. Anayetokwa na hedhi nyingi kupita siku 7 asinyamaze.

Mtoto akipimwa akaonekana anao, si kwamba hatatahiriwa. Atatahiriwa hospitalini, baada ya kudungwa kwenye mshipa kile ambacho damu yake inakosa. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na ya Moi, Eldoret, huwahudumia wagonjwa hawa.

Kinachowashinda wengi ni nauli. Mazishi tunayachangia jioni moja, lakini nauli ya mtoto aliye hai hungoja mkutano wa mwezi ujao. Tunaomba kila mwekahazina atenge pesa za dharura kabla shule hazijafungwa, na zitolewe bila kungoja kikao, hata ikiwa ni usiku.