MAWAZIRI WAPYA NA WATU WA MASHAMBANI
(Hotuba kwa wanachama wa tawi, juu ya mambo ya jimbo la Alberta, Kanada)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo hapa kwetu twalijua sana. Serikali mpya ikitangaza mawaziri wake, watu wa mashambani husema nini? Tangu mwaka 2013, kila mara kaunti zinapotaja mawaziri wao, redio haijazimwa watu wamekwisha anza kuhesabu kwa vidole. Wa lokesheni yetu ni nani? Wa ng'ambo ya mto wamepata wangapi? Kilimo amepewa nani, na huyo alishika jembe lini? Mimi siwacheki watu wanaohesabu hivyo, maana barabara na zahanati zina tabia ya kufuata nyumba ya mkubwa. Lakini leo nataka tuitazame hesabu hiyo katika nchi ya mbali, kwa sababu huko ilionyesha jambo ambalo kwetu hufichika, na jambo lenyewe latuhusu sisi tunaolipwa mshahara kwa kulima shamba la mtu mwingine.

Alberta ni jimbo la magharibi ya Kanada. Kwa ukubwa laishinda Kenya nzima, lakini mwaka 2015 watu wake walikuwa kama milioni nne tu, na wengi wao wanakaa katika miji miwili, Edmonton, ambao ndio mji wa serikali, na Calgary. Huko nje ya miji kuna ngano, kuna kanola, yaani mbegu za kukamulia mafuta, na kuna ng'ombe wa nyama wengi kupita kiasi. Mjue pia kwamba katika Kanada sheria za kazi, kwa sehemu kubwa, si mali ya serikali kuu bali ni za majimbo. Kila jimbo lina Waziri Mkuu wake na mawaziri wake. Kwa hiyo kibarua wa shamba akitaka kujua kama atalipwa akikatwa mkono na mashine, haangalii Ottawa. Aangalia mawaziri wa jimbo lake.

Sasa, chama kimoja, Progressive Conservative, kilitawala Alberta tangu mwaka 1971, miaka 44 bila kupumzika. Tarehe 5 Mei 2015 kikaanguka. Chama cha New Democratic, ambacho kina urafiki wa zamani na vyama vya wafanya kazi, kilipata viti 54 katika 87. Lakini ushindi huo ulikuwa hasa wa mijini. Mashambani, hasa kusini na katikati, wengi walichagua chama cha Wildrose, kikapata viti 21.

Tarehe 24 Mei Waziri Mkuu mpya, Bibi Rachel Notley, aliapishwa pamoja na mawaziri wake. Walikuwa watu 12 tu, yeye akiwa mmojawapo, na watu wakaanza kuhesabu kama sisi. Edmonton ilikuwa na sita. Calgary ilikuwa na watatu. Jimbo lote lililobaki, kutoka mpaka wa Marekani hadi misitu ya kaskazini, lilikuwa na watatu: mmoja wa mji wa Lethbridge kule kusini, mwalimu mmoja wa kaskazini aliyepewa wizara ya nishati, na Bwana Oneil Carlier aliyepewa kilimo na misitu. Huyu Carlier aliwahi kuwa mtumishi wa chama cha wafanya kazi wa serikali. Kwetu sisi hiyo ni sifa. Kwa wenye mashamba wengi lilikuwa jambo la kutilia shaka.

Walinung'unika, na nasema wazi kwamba manung'uniko yao hayakuwa ya upuuzi. Mtu anayekaa mwendo wa saa tano kutoka Edmonton, ambaye hospitali yake ni ndogo na shule ya watoto wake i karibu kufungwa, ana haki ya kuuliza ni nani ndani ya baraza atakayemjua. Serikali yenyewe ilisikia. Mwezi wa Oktoba iliongeza waziri mmoja, muuguzi kutoka Lesser Slave Lake kaskazini, akapewa mambo ya serikali za mitaa. Bado hesabu haikuwaridhisha.

Na hapa pana jambo la ajabu kidogo katika historia. Chama hicho kilichoogopwa na wakulima, babu yake alizaliwa Calgary mwaka 1932, na waliomzaa walikuwa wakulima pamoja na wafanya kazi na wasoshalisti, wakati wa dhiki kubwa ya bei za ngano. Mwaka 1961 kikaungana na shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kanada, kikachukua jina la sasa. Hata serikali ya Alberta yenyewe, kutoka mwaka 1921 hadi 1935, ilikuwa mkononi mwa chama cha wakulima. Basi watu hawa wawili, mkulima na mfanya kazi, walikwisha kula sahani moja. Waligombana lini? Sababu ni nyingi, lakini iliyo kubwa naiona hii: mkulima wa zamani alilima mwenyewe na wanawe, na wa siku hizi, mara nyingi, ana ekari maelfu na ana watu wa mshahara.

Watu hao wa mshahara ndio nataka kuwaeleza.

Hadi mwisho wa mwaka 2015 kibarua wa shamba katika Alberta alikuwa nje ya sheria karibu zote zinazomlinda mfanya kazi. Sheria ya usalama kazini haikumgusa. Tajiri hakulazimishwa kumwandikisha katika mfuko wa fidia ya ajali. Akitaka alimwandikisha, asipotaka basi. Saa za kazi, malipo ya saa za ziada, siku za mapumziko, hayo yote yalikuwa mapatano ya mdomo. Na haki ya kuunda chama na kupatana mshahara hakuwa nayo. Majimbo mengine ya Kanada yalikuwa yamekwisha waingiza vibarua wa mashamba, kwa njia moja au nyingine, katika sheria za usalama. Alberta ilibaki nyuma.

Nitawapa mfano mmoja muone upuuzi wake. Katika mji wa Brooks, kusini ya Alberta, kuna kiwanda kikubwa cha kuchinja ng'ombe. Mwaka 2005 wafanya kazi wake waligoma kwa muda wa wiki tatu hivi mpaka wakapata mkataba wao wa kwanza, na wengi waliosimama pale langoni walikuwa Waafrika wenzetu, watu wa Sudan na nchi jirani. Waliweza kugoma kwa sababu sheria ilikihesabu kiwanda kuwa kiwanda. Lakini yule aliyemlisha ng'ombe huyo huyo zizini hadi siku ya kupakiwa kwenye lori, yeye hakuwa na haki hiyo. Ng'ombe ni yule yule. Akivuka lango la kiwanda, watu wanaomshika wana chama. Kabla ya lango hawana.

Na mashamba yale yaua. Trakta hupinduka, mashine hushika nguo, nafaka humfunika mtu ndani ya ghala kama maji. Mwaka 2006 mfanya kazi mmoja alikufa ndani ya ghala la mazao, na jaji aliyechunguza kifo hicho baadaye alisema kwamba hakupewa sababu yoyote ya maana kwa nini mtu wa mshahara shambani asilindwe kama wengine. Serikali ya zamani ikasoma maneno hayo, ikayaweka kabatini.

Serikali mpya ikayatoa. Tarehe 17 Novemba 2015 ulipelekwa mswada namba 6 katika Baraza la Kutunga Sheria, ukisema kwamba usalama na fidia vianze tarehe 1 Januari 2016. Hesabuni wenyewe: ni wiki sita na siku chache. Mikutano ya kuwauliza watu wa mashambani ilifanywa baada ya mswada kuwa umekwisha andikwa! Ule wa kwanza ulikuwa Grande Prairie kule kaskazini magharibi, na watu walijaa. Kisha karatasi za maelezo zilizotolewa na maofisa zikawafanya watu waamini kwamba hata mtoto anayemsaidia baba yake, hata jirani anayekuja kwa ujima siku ya kutia ng'ombe alama, lazima waandikishwe na kukatiwa fidia. Moto ukawaka. Trakta ziliingia Edmonton, na watu zaidi ya elfu wakasimama mbele ya nyumba ya Baraza katika baridi wakipiga kelele mswada uuliwe.

Mimi ni mtu wa chama, na mswada ule ningeupigia makofi, lakini namna ulivyoletwa ilikuwa mbaya. Ukitaka kubadili desturi za nyumba ya mtu, ubishe hodi kwanza. Na wale mawaziri wachache wa kutoka nje ya miji hawakutosha kupeleka hodi hiyo katika nchi pana vile. Hapo waliohesabu mwezi wa Mei walikuwa na haki ya kusema, "Tuliwaambia."

Waziri Mkuu alikubali kwamba maelezo yalikuwa yamewachanganya watu. Mswada ukarekebishwa, ukasema wazi kwamba mwenye shamba, jamaa zake na jirani wanaosaidia bila mshahara hawamo. Wanaohusika ni wafanya kazi wa mshahara wasio wa jamaa. Serikali ikapunguza muda wa majadiliano, na tarehe 10 Desemba ukapita.

Lakini sasa ndugu zangu, fikirini pamoja nami. Katika mwezi ule wote magazeti yaliandika kwamba "watu wa mashambani wamekasirika." Watu gani? Waliopanda trakta kwenda Edmonton walikuwa wenye trakta. Kibarua wa mshahara, ambaye mswada uliandikwa kwa ajili yake, angekwenda vipi? Angeomba ruhusa kwa nani? Angeondoka zizini siku ya kazi, asimame barabarani na bango la kumpinga yule anayempa nyumba ya kulala, na jioni arudi kulala katika nyumba ile ile? Wako wengine waliotoka nchi za nje kwa kibali cha muda, na kibali hicho kimefungwa kwa tajiri mmoja. Akimfukuza, safari imekwisha. Walikuwako wachache waliojitokeza kuutetea mswada, na wanawasifika kwa ushujaa wao, lakini sauti zao zilikuwa kama kinanda kando ya ngoma. Kwa hiyo neno "watu wa mashambani" liliwameza. Walihesabiwa ndani ya hasira ambayo haikuwa yao.

Ndiyo maana nasema hesabu ya vidole haitoshi. Tarehe 16 Aprili 2019 serikali ile ilishindwa katika uchaguzi, na chama kipya cha United Conservative, chini ya Bwana Jason Kenney, kikashika utawala. Safari hii mashamba yaliona watu wao barazani. Waziri wa kilimo, Bwana Devin Dreeshen, alikuwa mkulima hasa, mtu wa kuzaliwa shambani. Kwa hesabu ya "yuko wetu?" jibu lilikuwa ndiyo. Mwisho wa mwaka huo huo wakapitisha mswada namba 26, sheria ikaanza tarehe 31 Januari 2020. Mashamba madogo yenye wafanya kazi watano au chini ya hapo yakatolewa katika kanuni za masharti ya kazi. Tajiri akaruhusiwa kuchagua bima ya kampuni badala ya mfuko wa fidia wa serikali. Na ile haki ya kuunda chama na kupatana mshahara, ambayo vibarua walikuwa wameipata juzi tu, ikaondolewa kwa wote, shamba dogo na kubwa. Watu wa mashambani wakashangilia. Tena nauliza, watu gani?

Turudi kwetu. Sisi katika sheria tu mbali zaidi kuliko kibarua wa Alberta. Chama cha wafanya kazi wa mashamba makubwa katika nchi hii kilitokea mwaka 1963 vyama vya chai, kahawa na mkonge vilipoungana, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama na kugoma, bila kumtoa yule wa shambani. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yamhusu mchuma chai sawasawa na karani. Lakini mnajua wenyewe mashamba ambako karatasi hizo hazijafika, ambako mtu akikatwa kidole kwa panga hupewa siku mbili za kulala na shilingi za dawa. Na gavana anapotangaza mawaziri wake, wenye mashamba hupeleka wajumbe kumpongeza siku ya pili. Sisi hupeleka lini?

Kwa hiyo kamati ya tawi imekubali, na Bwana Katibu atawasomea azimio, kwamba mawaziri wapya wa kaunti wakitajwa tusingoje mwaka. Katika majuma manne ya kwanza wajumbe watatu waende kwa waziri wa kilimo, awe wa kabila gani au lokesheni gani, wamwulize je, amepata kuzungumza na mtu yeyote anayelipwa kwa siku? Na mmoja wa wajumbe hao awe mwanamke kutoka mstari wa wachumaji, si sisi wa ofisini peke yetu.

Sasa naketi, Bwana Mwenyekiti. Mzee wa nyuma pale amenyosha mkono tangu niliposema juu ya Brooks. Naomba apewe nafasi ya kwanza.