Kujiamini Hakuletwi na Hotuba: Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Uamuzi wa Kazi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, kumbi za vyuo vikuu vya Tanzania hujaa wanafunzi wapya, na mara nyingi jukwaani hupanda mhamasishaji. Ujumbe wake ni uleule: kijana ajiamini, ashikilie ndoto yake, asiogope kuamua. Makofi hupigwa, watu hutawanyika. Ndani ya ujumbe huo mna dai zito la kitaaluma, hata kama msemaji mwenyewe hakulikusudia. Dai lenyewe ni kwamba mwanafunzi anayesitasita kuchagua kazi amepungukiwa moyo, na kwamba moyo hutiwa kwa maneno.

Mhadhara huu unalipinga dai hilo. Linakula fedha na muda wa vyuo, na baya zaidi, linambebesha kijana lawama isiyo yake.

Ili kulijibu dai hilo, linalohitaji kusomwa upya, tena kwa utulivu, ni kazi ya mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1977 alichapisha makala akitaja chemchemi nne za imani ya mtu kwamba jambo fulani ataliweza: kulitenda na kufanikiwa, kumwona mwingine akilitenda, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mwili na hisia zake zinavyoitikia, kama vile moyo kwenda mbio. Chemchemi hizo hazilingani. Ya kwanza ina nguvu kuliko zote. Kuhusu maneno, Bandura alionya kwamba imani inayojengwa kwa kushawishiwa tu ni dhaifu, na hufifia upesi mtu anapokutana na ugumu wenyewe.

Hakuyasema hayo hewani. Mwaka huohuo, pamoja na Nancy Adams na Janice Beyer, alitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mshauri wa wanafunzi angefaa kulijua. Walichukua watu wazima wenye hofu kubwa ya nyoka. Kundi la kwanza lilisaidiwa hatua kwa hatua kumkaribia nyoka aina ya boa, kumgusa, kumshika, na hatimaye kumwacha atambae mapajani. Kundi la pili lilikaa na kumtazama mtaalamu akiyafanya hayo yote. Kundi la tatu halikupewa tiba yoyote. Kisha kila mtu aliulizwa, tendo kwa tendo, ana uhakika kiasi gani wa kuliweza. Waliomshika nyoka kwa mikono yao walikuwa na uhakika mkubwa kuliko wote, waliotazama wakafuata. Zaidi ya hapo, uhakika huo ulitabiri vizuri kile ambacho mtu angeweza kukifanya alipoletewa nyoka, hata wa aina nyingine ambaye hajawahi kumshika. Hakuna aliyepona hofu kwa kuambiwa kwamba yeye ni shujaa.

Kutoka kwa nyoka hadi kwenye ajira njia ilikuwa fupi. Mwaka 1981 Nancy Betz na Gail Hackett waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani kuhusu kazi 20, nusu zikiwa zimezoeleka kuwa za wanaume na nusu za wanawake. Wanaume walijiona wanaziweza za pande zote mbili karibu sawa. Wanawake walijiamini kidogo zaidi katika zile za wanaume, ilhali alama zao za Kiingereza na hisabati hazikuwa chini. Pengo halikuwa la akili. Kwa maelezo yao, lilitokana na yale waliyowahi kuruhusiwa kuyajaribu na watu waliowahi kuwaona wakiyafanya.

Miaka miwili baadaye Karen Taylor na Betz walitengeneza kipimo cha maswali 50 kuhusu kujiamini katika uamuzi wa kazi. Kipimo hicho hakiulizi kama mtu anajiamini kwa jumla. Kinauliza kama anaweza kujitathmini kwa usahihi, kutafuta taarifa za kazi, kuchagua lengo, kupanga hatua na kutatua vikwazo. Hayo matano yote ni matendo. Kwa mtazamo huo, anayemwambia kijana ajiamini bila kumpa nafasi ya kuyatenda amemwomba mavuno ya shamba lisilolimwa.

Sasa swali linalopuuzwa: kabla ya kufika chuo, mwanafunzi wa Kitanzania amewahi kuamua nini? Akimaliza kidato cha nne huchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo kama PCB, HGL au EGM, akiwa bado mtoto wa nyumbani. Na hata hapo ufaulu wake ndio wenye sauti ya mwisho. Juu ya hapo kuna Bodi ya Mikopo, ambayo imekuwa ikizipa kipaumbele fani kama ualimu wa sayansi, afya na uhandisi. Kijana asiye na mtu wa kumlipia ada hutazama kwanza kozi yenye mkopo, halafu kozi anayoipenda. Hilo ni busara, wala si uoga. Ila anaingia mwaka wa kwanza akiwa amechaguliwa na wengine kuliko alivyochagua mwenyewe.

Haki inadai kukiri kwamba maneno yana nafasi yake. Sauti ya mzazi au ya mwalimu anayemjua mwanafunzi kwa jina humwongezea subira. Msichana anayesoma uhandisi akikutana na mhandisi mwanamke huona jambo ambalo hotuba haiwezi kumwonyesha. Taarifa nazo zinahitajika, na maonesho ya ajira si ya kubezwa. Fedha zina uzito pia: anayejua kwamba asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kurejesha mkopo ana sababu ya kusita. Lakini yote hayo yakipimwa, bado kutenda kunabaki mbele.

Mwandishi wa mhadhara huu ameyaona hayo katika usimamizi wa mafunzo kwa vitendo, ambayo wanachuo huyaita fildi. Kijana mmoja wa biashara alipangiwa ofisi ambako daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, lilisema neno lilelile: kudurufu nyaraka. Alirudi chuoni akiwa na shaka kuliko alivyoondoka. Msichana wa uhasibu, wa mwaka uleule, aliwekwa kwenye stoo ya dawa na kupewa leja. Aligundua kwamba maboksi yaliyokuwa rafuni hayakulingana na salio la kwenye kitabu, akafuatilia vocha moja baada ya nyingine mpaka akakuta toleo moja limeandikwa mara mbili. Mkuu wake akamtaka alieleze mwenyewe kikaoni. Mwaka wa tatu alipoulizwa anataka kazi gani, alijibu ukaguzi wa hesabu, na akaeleza kwa nini. Hakuwa amehudhuria semina yoyote ya kujiamini.

Tanzania iliwahi kulijaribu wazo hili la kutenda kwanza kwa kiwango cha taifa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kasoro zake zinajulikana: sharti lilikuwa la lazima, mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama tawala yaligeuka kuwa kikwazo, na wasichana wakapungua vyuoni hadi ikabidi walegezewe. Sharti lenyewe likaachwa baadaye. Lakini kosa lilikuwa katika shuruti. Wazo la mtu kuonja kazi kabla ya kujifunga na fani lilikuwa sahihi, na lingali sahihi hadi leo.

Kwa hiyo rai ni hizi. Mafunzo kwa vitendo yaanze mwaka wa kwanza, hata kama ni kwa wiki chache. Mwanafunzi ajitafutie mwenyewe mahali pa kwenda na aandike sababu, kwa kuwa kutafuta huko ni uamuzi wake wa kwanza wa kazi. Bodi ya Mikopo, ambayo tayari ina fungu la mafunzo kwa vitendo, iwafikishie fedha hizo kabla ya safari, wasitegemee posho ya chakula, yaani bumu, kulipia nauli. Waajiri nao, wa serikali na wa binafsi, wampe mwanafunzi jukumu moja la kweli, lenye kosa linaloweza kufanyika na mtu wa kulisahihisha. Seneti za vyuo zianze na mitaala ya mwaka ujao.