Kiazi cha Chinaka na Wajibu wa Askari

Katika masoko ya Malawi huuzwa chakula kimoja cha rangi ya hudhurungi, kikatwacho vipande kama mkate. Wenyeji hukiita chinaka. Zambia huitwa chikanda, na Mkongo aliyefika kambi ya Dzaleka akitokea Lubumbashi hukijua kwa jina la kikanda. Majina ni matatu lakini asili yake ni moja: viazi vidogo vya maua ya okidi, vinavyochimbwa porini, vikaanikwa na kutwangwa, kisha unga wake ukapikwa pamoja na unga wa karanga, magadi na pilipili.

Chakula hicho ni cha jadi, wala hakuna sababu ya kukilaumu. Linalotisha ni jinsi mmea wenyewe unavyotoweka. Okidi hizi hupenda mabonde yenye unyevu, yaitwayo dambo, na nyanda za juu zenye majani, kama zile za Nyika. Kila mmea una viazi viwili: kimoja kikuukuu, kinacholisha shina la mwaka huu, na kimoja kichanga, ambacho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka kile kichanga. Akikichukua, mmea hauna tena mwaka ujao. Mbegu zake nazo ni ndogo kama vumbi, na haziwezi kuota zisipokutana udongoni na kuvu wa aina inayozifaa. Kwa hiyo si rahisi kuupanda mmea huu shambani kama kitunguu au muhogo.

Biashara ilipokua na viazi kuadimika Zambia, wanunuzi walivuka mipaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikichimbwa kila mwaka katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania vilifikia milioni 4. Mwaka 2005 Tanzania iliifanya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, kuwa Hifadhi ya Taifa. Eneo hilo la kilomita za mraba zipatazo 413 lilihifadhiwa hasa kwa ajili ya maua yake, na miongoni mwake zimo aina zaidi ya 40 za okidi.

Lakini mpaka wa hifadhi uliochorwa katika ramani haumzuii mtu mwenye jembe na gunia. Tanzania, Zambia na Malawi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uitwao CITES, na okidi zote za porini zimo katika orodha zake. Maana yake ni kwamba gunia la viazi hivi halivuki mpaka kihalali bila kibali. Polisi wa kituo cha mpakani asiyekijua kiazi hicho atadhani ni mboga tu, naye ataliachia lipite.

Magharibi ya Mitundu uko msitu wa hifadhi wa Dzalanyama, unaopakana na Msumbiji. Mto Lilongwe, unaolipatia jiji maji, huanzia huko. Katikati ya miaka ya 2010 wanajeshi wa Malawi walipelekwa kusaidiana na walinzi wa msitu dhidi ya wachoma mkaa na wakata miti. Hatua ile ilionyesha kwamba kulinda chemchemi ya maji ni kazi ya ulinzi wa taifa. Hata hivyo, gari la mkaa huonekana kwa mbali, na kisiki hubaki kuwa shahidi. Kiazi kikichimbwa, mvua moja hufukia shimo, wala hakuna ushahidi unaosalia.

Yafaa basi askari atofautishe. Mama anayechimba bakuli moja ili apate chumvi na sabuni si sawa na tajiri anayejaza lori kwa vibali vya kughushi. Kumpiga yule mama hakuotishi ua hata moja. Yeye anahitaji kuelezwa sheria na kuonyeshwa njia nyingine ya riziki. Mwenye lori ndiye wa kusimamishwa, kuulizwa kibali na kufikishwa mahakamani. Askari anayejua kilichomo ndani ya gunia, na anayekataa hongo ya kulifumbia macho, atakuwa ameihifadhi akiba ambayo wananchi hawawezi kuinunua tena ikiisha.