Damu ya Kitovu na Ubashiri wa Mzio



Hapana mzazi asiyetamani kujua, kabla mwanawe hajakohoa, kama pumu itamwandama; na tangu tabibu Clemens von Pirquet wa Vienna alipobuni jina la mzio mwaka 1906, wataalamu hawakuchoka kutafuta katika damu dalili itakayoyatangulia maradhi. Rai yangu ni kwamba dalili hiyo ipo, walakini haisomeki ikitengwa na nchi aliyozaliwa mtoto.

Mwaka 1921 tabibu Carl Prausnitz, ambaye samaki hakumdhuru kamwe, alijidunga tumboni seramu ya mwenzake Heinz Küstner, ambaye akila samaki huwashwa na kuvimba. Siku ya pili yake akapachoma pale pale kwa maji ya samaki, na ngozi yake ikavimba. Basi ilidhihirika kwamba ndani ya damu mna kitu kiuchukuacho mzio kutoka kwa mtu hata mtu, lakini kitu chenyewe hakikujulikana mpaka miaka ya 1966 na 1967, watafiti Kimishige na Teruko Ishizaka walipokipata Denver, na Johansson na Bennich wakakipata Uppsala, Uswidi. Mwaka 1968 kikaitwa imunoglobulini E.

Kingamwili hii ina sifa moja iliyowatia matabibu tamaa kubwa: haipiti katika kondo la nyuma. Ikionekana katika damu ya kitovu, ama mtoto ameitengeneza mwenyewe tumboni, ama damu ya mama imechanganyika na yake wakati wa kuzaa. Na ili kuutambua mchanganyiko huo hupimwa kadhalika imunoglobulini A, ambayo nayo haivuki kondo. Waswidi walitumai sana kwamba tone la damu ya kitovu lingewatenga watoto wa kuhofiwa na wa kutohofiwa. Halikuwatenga vya kutosha, kwani watoto wengi waliopata ukurutu na pumu baadaye walizaliwa na kiasi kidogo mno cha kingamwili hiyo.

Huku kwetu jambo ni zito zaidi. Mwili huitoa imunoglobulini E kwa wingi unapopigana na minyoo, na utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu watoto waliozaliwa Pwani ya Kenya ulionyesha kwamba chembe za damu ya kitovu ziliweza kutoa kingamwili hiyo dhidi ya minyoo ambayo mtoto hajawahi kukutana nayo nje ya tumbo la mamaye. Tabibu atakayelisoma tone hilo kwa mizani ya Uppsala atamwita mwenye mzio mtoto ambaye mama yake ana kichocho! Fauka ya hayo, huko Entebbe walichunguzwa wajawazito 2,507, na ikabainika kwamba watoto wa waliopewa albendazole walipata ukurutu zaidi kuliko wa wenzao waliopewa dawa bandia. Habari hii haituruhusu kuwaacha mama na minyoo yao, bali inatuonya kwamba mzio una mafungamano na mambo tusiyoyatia katika hesabu.

Tena dalili za kumwongoza tabibu haziko katika damu peke yake: uchunguzi wa mzio wa karanga uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015 uliwachagua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 kwa ukurutu mkali au mzio wa yai, dalili ambazo mama huziona kabla ya maabara. Miongoni mwa waliokatazwa karanga, 17.2 kwa mia walikuwa na mzio wake walipotimiza miaka 5. Miongoni mwa waliolishwa mapema, 3.2 tu.

Kwa hiyo nawasihi matabibu wasimnyime mtoto chakula kwa sababu ya karatasi moja yenye jumla ya imunoglobulini E, na nakiomba chuo kikuu chetu kianze kuwapima watoto wetu tangu kitovuni, pamoja na minyoo ya mama zao, na kuwafuata mpaka waingie shule, ili tupate vipimo vyetu wenyewe.