Mguu Usiosikia

Leo tuzungumze juu ya miguu. Si yako wewe, bali ya yule mzee unayemtunza nyumbani, hasa ikiwa ana ugonjwa wa kisukari.

Kuna nyanya mmoja niliyemtembelea kwake. Jioni moja alikuwa akiota moto kando ya jiko, akiwapigia wajukuu hadithi. Mke wa mwanawe ndiye aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua. Kumbe ni kidole gumba cha mguu wa nyanya, kimegusa jiko, na mwenyewe anaendelea na hadithi! Walipaka dawa ya meno, wakangoja. Nilipoitwa siku tano zilikuwa zimepita. Kile kidole kilikatwa hospitalini.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu kabisa, inayofika vidoleni mwa miguu, ndiyo hutangulia. Wengine huhisi ganzi, au kama wanachomwa na sindano. Wengine hawahisi chochote, na hao ndio wanaonitia hofu, maana asiyeumwa haji kliniki.

Kliniki huwa tunapima kwa uzi wa nailoni, unaofanana na ule wa kuvulia samaki. Tunausimamisha juu ya ngozi na kuusukuma. Umetengenezwa upinde kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa amefumba macho, akisikia anasema.

Wahandisi nao wana uzi wao. Unaijua faiba, ile ya intaneti, iliyofika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009? Ni uzi mwembamba unaopitisha mwanga. Ukibonyezwa au kupindwa, mwanga unaopita ndani hubadilika, na mashine ikatambua kwamba umeguswa. Watafiti wameuweka katika ngozi laini za roboti, na hata katika soli za viatu, ili waone mguu unakanyagia wapi kwa nguvu zaidi. Mimi nafurahi kusikia hayo, lakini usikae ukingoja kiatu hicho. Kidole chako kinatosha.

Kuna kipimo kilichoanzia Ipswich, Uingereza. Mwaka 2011 kilichapishwa baada ya kulinganishwa na ule uzi wa nailoni, na majibu yakakaribiana sana. Mvue mzee soksi, alale, afumbe macho. Mwambie akisikia mguso aseme "kulia" au "kushoto". Kwa ncha ya kidole chako mguse kidogo tu, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na kile kidogo cha mwisho, miguu yote miwili. Ni vidole sita. Usibonyeze, usigongegonge, na asiposikia usirudie kidole hicho. Akikosa viwili au zaidi, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo, hata kama anakwambia yuko sawa. Na wazee wetu kwa kusema wako sawa, unawajua!

Usiku, mkimaliza kula, tazama nyayo zake na katikati ya vidole. Taa ya simu itakusaidia. Asubuhi kung'uta viatu kabla hajavaa. Nimewahi kutoa msumari mdogo ndani ya kiatu kilichovaliwa siku nzima. Asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Maji ya kumwogesha yapime kwa kiwiko chako, kama ulivyofanya kwa mtoto mchanga. Jiko liwe mbali na miguu yake. Akisikia baridi, mpe soksi na blanketi.

Ukiona lengelenge, kidonda au wekundu, usipake dawa ya meno wala majivu. Safisha kwa maji safi, funika kwa kitambaa kisafi, na mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hata kama hakuna maumivu.