Tutakula Wapi Mtoto Akitimiza Miaka 18?

   Kama mmekaa kikundi, mwenye redio aongeze sauti kidogo, na mwandishi wa kikundi ashike kalamu yake, kwa maana leo tutapiga hesabu.

Somo la leo linahusu jambo linaloonekana dogo. Mtoto wako ametimiza miaka 18. Unataka kumpa chakula cha heshima nje ya nyumba, yaani hotelini, pamoja na ndugu na rafiki zake. Je, utachagua hoteli gani? Wengi hujibu upesi: "Ile yenye sifa." Mimi nakuomba usijibu upesi. Tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

Kwanza, kwa nini miaka 18? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Akiutimiza umri huo amevuka. Anaweza kupiga kura, na anaweza kujiandikisha apate kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo siku hiyo ina maana yake, nasi hatuna sababu ya kuidharau.

Lakini wazee watasema, "Sisi zamani hatukuhesabu siku za kuzaliwa." Ni kweli. Hata hivyo, katika nchi ya Wanyakyusa kukua kulihesabiwa kwa namna nyingine, na namna hiyo ilihusu sana chakula. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa huku miaka ya 1930 wakichunguza maisha ya watu, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu juu ya vijiji vya marika. Alieleza kuwa wavulana wa kama miaka 10 au 11 waliondoka katika nyumba za wazazi wao, wakaanza kujenga vibanda vyao wenyewe pembeni. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, ila hakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Kula pamoja na wenzako wa rika ndiko kulikokufundisha kuwa mtu kati ya watu.

Basi ukimpeleka mwanao hotelini pamoja na wenzake, hujaiga tu mambo ya wageni. Unaendeleza jambo la zamani katika nyumba mpya. Neno la kushika ni hili: wazee wetu walianza na watu, mahali pakafuata baadaye. Nasi tufanye vivyo hivyo. Uliza kwanza, "Nani atakula?" Kisha uliza, "Tutakula wapi?"

Natoa mfano. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya somo, wala si habari ya mtu fulani. Tuseme yuko baba mmoja wa Mbugani, fundi baiskeli mwenye shamba dogo la mpunga. Binti yake anatimiza miaka 18 mwezi ujao. Baba amefurahi sana, na amekwisha amua: wataenda Matema, kando ya ziwa, watu 40, katika chumba kizuri chenye meza moja ndefu. Fedha hana, lakini yuko mnunuzi aliye tayari kuununua mpunga wake ungali shambani, kwa bei ya chini.

Mama hapingi. Anasema tu kwa upole, "Nendeni ninyi. Mimi nitabaki nyumbani niangalie kuku."

Binti anasikia maneno hayo na anajua maana yake. Babu yake mzaa baba atakuwako kwenye karamu. Wasikilizaji wa huku mnaifahamu desturi: mkamwana na baba mkwe wake hukwepana kwa heshima. Hawaketi meza moja, wala hawali wakitazamana. Siku hizi nyumba nyingine zimeilegeza desturi hiyo na nyingine bado zinaishika. Nyumba hii inaishika. Katika chumba kimoja chenye meza moja, lazima mmoja wao akose: ama mama aliyemzaa binti, ama babu aliyempa jina.

Jioni binti anamwendea baba yake na kumwambia, "Baba, shikamoo. Naomba tusiende mahali ambapo mama hawezi kuingia. Wala sitaki babu aone haya. Hata tukila wali na maharage, nataka wote wawili wawepo."

Ndugu msikilizaji, simama hapo ufikiri. Hoteli ile haikuwa mbaya, na Matema ni pazuri. Kosa ni kwamba baba alichagua mahali kabla hajahesabu watu wake. Naye binti, kwa maneno yale machache, ameonyesha kwamba kweli amekuwa mtu mzima.

Sasa tutazame hatua za kufuata.

Hatua ya kwanza: andika majina. Keti na mwanao, muandike kila atakayealikwa. Pembeni mwa kila jina andika jambo lake. Huyu ni mzee, hawezi safari ndefu. Huyu hali samaki. Huyu ni Mwislamu, uulize nyama imechinjwa na nani. Hawa wawili hukwepana kwa heshima, watafutiwe sehemu mbili. Hawa ni rafiki wa shule, bado wana miaka 16 na 17. Usiipuuze habari hiyo ya mwisho. Mwanao ametimiza miaka 18, lakini wenzake huenda bado ni watoto, na sheria inakataza kumwuzia mtoto pombe au sigara. Kwa hiyo mahali ambapo kazi kubwa ni pombe, na chakula ni cha kusindikiza tu, hapafai kwa karamu hii.

Hatua ya pili: nenda ukapaone mwenyewe. Usiridhike na sifa za mdomo. Nenda saa ya chakula cha mchana, bila kutoa habari, uagize sahani moja ule. Wakati unakula, tumia macho. Je, pana maji yanayotiririka na sabuni ya kunawia? Je, chakula kimefunikwa? Sahani zikioshwa huanikwa wapi? Kisha omba kuonyeshwa choo. Usione haya. Choo kichafu kinakueleza habari za jikoni kabla hujafika huko. Uliza pia kama wapishi wamepimwa afya na wana vyeti.

Kwa nini nasisitiza usafi? Kyela ni nchi tambarare. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani, na wakati wa masika maji hufurika na kuchanganyika na uchafu. Kipindupindu hupita katika njia hiyo. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Karamu moja yenye maji machafu inaweza kuwalaza wageni wako wote.

Tena, tujihadhari na wali wetu wenyewe. Mchele wa Kyela unanukia na kusifiwa nchi nzima, lakini harufu nzuri si kinga. Katika mchele wamo vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipikwa asubuhi na kuachwa vuguvugu hata jioni, vijidudu hivyo huongezeka na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo mwambie mwenye hoteli: "Wali wangu upikwe karibu na saa ya kula, uletwe ukiwa moto."

Hatua ya tatu: patana juu ya chakula. Ukitaka mbasa, uliza mapema. Mbasa ni samaki wa ziwa letu ambaye hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga mayai, wala hapatikani sawasawa kila siku. Mwulize mwenye hoteli, "Ukimkosa mbasa siku hiyo, utanipa nini badala yake, na kwa bei gani?" Usisahau ndizi za kupika kwa ajili ya wazee. Na kama karamu itakuwa kati ya Machi na Mei, chagua mahali penye paa imara na njia isiyofungwa na maji.

Hatua ya nne: piga hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwandishi wa kikundi, andika. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe utaweka bei za kwenu.

Watu 40, sahani moja shilingi 5,000: jumla 200,000.
Soda 40, kila moja shilingi 1,000: jumla 40,000.
Magari mawili ya kwenda na kurudi: 80,000.
Keki: 30,000.
Jumla yote ni shilingi 350,000. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura, yaani 35,000. Sasa ni shilingi 385,000.

Tuandike tena, safari hii watu 20, katika hoteli ya mjini ambako wageni watafika kwa miguu au kwa baiskeli, na gari moja tu la karibu kwa ajili ya babu, shilingi 10,000. Chakula 100,000. Soda 20,000. Gari 10,000. Keki 30,000. Jumla 160,000. Kwa dharura 16,000. Sasa ni shilingi 176,000.

Tofauti ni shilingi 209,000. Mkulima auzaye mpunga ungali shambani, kwa bei ya chini, hulipia tofauti hiyo kwa njaa ya miezi ya mbele. Karamu huisha saa tatu. Deni hukaa nyumbani na kula pamoja na watoto. Usimpe mwanao zawadi ambayo wadogo zake watailipia.

Hatua ya tano: andikiana na mwenye hoteli. Siku, saa, idadi ya watu, aina ya chakula, bei ya kila sahani, sehemu mtakayokaa. Ukitoa arbuni, yaani fedha ya kutangulia, dai risiti. Kisha rudi siku mbili kabla ya karamu ukamkumbushe. Kuuliza si ujinga.

Sasa tumrudie fundi wetu. Aliyasikia maneno ya binti yake, akanyamaza usiku kucha. Asubuhi alimpelekea salamu yule mnunuzi kwamba mpunga hauuzwi. Kisha alipanda baiskeli, akaenda mjini, akatazama hoteli tatu. Ya kwanza ilikuwa na choo kibaya. Ya pili ilikuwa baa. Ya tatu haikuwa na rangi nzuri wala jina kubwa, lakini ilikuwa na baraza upande wa mbele na chumba upande wa nyuma, kila upande na mlango wake. Mama aliketi chumbani pamoja na shangazi na majirani. Babu aliketi barazani pamoja na wazee wenzake. Binti na wenzake wa rika waliketi katikati, penye uwazi wa kupitia, na yeye mwenyewe ndiye aliyebeba sahani ya kwanza akampelekea babu, na ya pili akampelekea mama yake.

Baba alilipa fedha taslimu, akapokea risiti yake, wakarudi nyumbani bila deni.

Ndugu msikilizaji, mwaka 1975 kampeni ya redio iitwayo Chakula ni Uhai iliwaketisha watu katika vikundi, wasikilize, wajadiliane, kisha watende. Nasi tufuate mwendo huo. Zungumzeni juu ya maswali haya kabla hamjaachana:

1. Katika nyumba zenu, ni nani wanaokwepana kwa heshima? Mnawezaje kuwaalika wote bila mmoja kukosa?
2. Ni mambo gani mtayatazama mkienda kukagua hoteli?
3. Fanyeni hesabu ya karamu ya watu 15 kwa bei za kwenu. Je, fedha hiyo ipo bila kugusa chakula cha nyumbani?
4. Mwanao akikupa shauri juu ya karamu yake, utalipokeaje?

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaendelea.