Barua ya Posa na Majina ya Nguo: Maandishi ya Ndoa Kinondoni na Temeke

Wachunguzi wa sanaa za jadi wanapotaja maandishi ya ndoa, mara nyingi huanza na ketuba, mkataba wa ndoa wa Wayahudi. Mkataba huo huandikwa kwa Kiaramu na hutaja wajibu wa mume mbele ya mashahidi. Katika karne za 17 na 18 mafundi wa Italia waliunakshi juu ya ngozi kwa maua, ndege na nguzo za rangi. Ndani yake limo neno mohar, ndugu wa mahr ya Kiarabu, ambayo ndiyo asili ya mahari ya Kiswahili. Katika ketuba, andiko linalopendeza ndilo hilo hilo linalofunga.

Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke kazi hizo mbili zimetengana. Cheti cha ndoa ni fomu ya kujazwa, nacho hutunzwa sandukuni. Pambo limekaa kwenye barua ya posa. Mshenga huipeleka ikiwa imefungwa katika kitambaa, aghalabu cheupe, pamoja na bahasha ya fedha. Lugha yake nayo imevikwa. Kijana mwenyewe hasemi. Wazee wake ndio wanaosema, kwa "sisi", kwamba wameona ua katika bustani ya wenzao. Neno kuoa huchelewa kutajwa, na pengine halitajwi kabisa. Wapo wanaoidharau lugha hii kwa kuwa ni ya kunakili, kana kwamba mafundi wa ketuba hawakunakili.

Utajiri mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika majibu, ambayo wataalamu wa lugha hawajayapa uzito unaostahili. Upande wa mwanamke hurudisha orodha: mahari, kisha kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko. Haya ni majina ya nguo. Mkaja ni nguo ambayo mwanamke hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko, au mbeleko, ni ya kumbebea mtoto mgongoni. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inazieleza kama nguo na pia kama zawadi za arusi. Anayelipa mkaja, basi, anarudisha kwa mama kile kilichomkaza alipomzaa bibi arusi. Leo mbele ya kila jina huandikwa shilingi, na kijana anaweza kulipa ubeleko wote bila kujua kwamba ni nguo. Nguo imeondoka, jina linaendelea kudai.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa iliyotimiza masharti ya sheria hiyo haibatiliki kwa sababu ya mahari kutolipwa. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kudai mahakamani zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Hapo ndipo orodha ile huhitajika: nani alipokea kilemba, na mkaja ulikuwa umelipwa nusu au wote? Barua yenye maua huhifadhiwa kwa kumbukumbu. Majibu, ambayo mara nyingi ni ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari, hubaki mfukoni mwa mshenga.